Mtu wa Nne

Shuleni nilikuwa yule anayebaki ukutani
majina yote yakishaitwa,
mwalimu akisema, "Haya, Orysia mchukueni nyinyi,"
kama mtu anayegawa hasara.
Mpira uliufahamu uso wangu kuliko mikono.

Miaka arobaini baadaye daktari Pelletier
akazitazama karatasi za damu, kisha akanitazama mimi,
akasema neno moja: tembea.
Nikatembea. Lakini huku kwetu Saskatchewan
Januari haitembeki.
Upepo unatoka mbali, hauna hata mti wa kuuzuia,
unakukata masikio na kuendelea na safari zake.

Nikanunua mashine ya kukimbilia.
Wiki mbili nikaikimbia, ya tatu nikaikimbia kweli:
sasa naianikia soksi.
Nikajaribu yoga, kwenye chumba cha chini kanisani.
Wenzangu walikunjika kama shuka,
mimi kama ubao wa kupigia pasi, kwa kelele.
Nikaenda kuogelea, nikarudi na sikio bovu.
Usinihubirie habari za nia.
Nia nilikuwa nayo. Mwili ndio haukuitika.

Kisha Verna wa posta, mwenye sauti ya kuitia ng'ombe,
akanizuia dirishani, stempu zangu bado ziko mkononi mwake:
"Gladys kavunjika nyonga. Tumebaki watatu.
Jumanne, saa moja usiku."
Nikamwambia mimi si mtu wa michezo.
"Nani kataja michezo? Kufagia unajua?"

Kufagia!
Nimefagia jiko la mama, nimefagia ghala la ngano,
nimefagia maktaba ya mji huu miaka kumi na tisa.
Angalau hapo sikuhitaji mwalimu.
(Nilijidanganya. Lakini uongo mwingine ni mlango.)

Ukumbi wenyewe ni banda refu la bati.
Ndani barafu imelala, imenyunyiziwa matone
yakaganda vipele kama ngozi ya kuku.
Jiwe lina uzito wa mtoto wa darasa la kwanza
na mpini kama wa birika.
Verna akapiga goti, akateleza nalo, akaliachia
polepole, kama anayefunga mlango wa chumba cha mgonjwa,
nalo likaenda, likinguruma chini chini,
kuelekea duara jekundu kule mwisho.

Ndipo akapiga yowe: FAGIA!

Nikafagia. Mama yangu,
nikafagia kana kwamba askofu yuko mlangoni,
nikikimbia upande upande kama kaa,
mapafu yanawaka, miwani imejaa ukungu,
na jiwe lililokuwa linakata roho
likapata pumzi, yangu.
Likasogea. Dhiraa moja. Shibiri.
Likasimama
mbali kabisa na duara.

Tulifungwa tisa kwa mbili.
Hakuna aliyeninunia. Washindi wakatununulia kahawa,
ndiyo desturi yao, aliyeshinda ndiye anayelipa,
nikakaa katikati yao jasho likinikauka mgongoni
nikagundua saa mbili zimepita
na sikutazama ukutani hata mara moja.

Asubuhi sikuweza kuinua chupa ya maziwa.
Nikacheka peke yangu mbele ya friji.

Huu ni msimu wa tatu. Gladys kapona, karudi,
tu watano sasa, tunapokezana.
Kutupa jiwe bado sijui; linakwenda linakotaka.
Ila Verna akiita, miguu inaitika kabla yangu.

Juzi daktari kaniuliza nafanya mazoezi gani.
Nikamwambia: nafagia.
Akaandika, "kazi za nyumbani."
Sikumsahihisha. Nilikuwa na haraka,
ilikuwa Jumanne,
na soksi zangu zilikuwa zimeshakauka kwenye mashine.